Sufuria la Bi Siwatu Mikononi mwa Serikali

Haya hayakutokea kwetu, tuelewane mapema. Yalitokea nchi nyingine kabisa, mbali huko; ukienda mpaka ukakuta watu wanaogopa kukohoa karibu na ofisi, ujue umefika. Kwetu mambo kama haya hayapo. Msomaji akijikuta anacheka huku roho inamuuma, basi pengine ana shemeji kule.

Katika nchi ile kulikuwa na sheria nzuri sana ya mikusanyiko. Ilisema watu wakizidi ishirini mahali pamoja bila kibali, nchi inaweza kulalia upande mmoja. Sheria ikafanya kazi miaka na miaka, mpaka mtaalamu mmoja wa wizarani akagundua kwamba watu hawajikusanyi wenyewe. Kuna kitu kinawakusanya. Akapewa gari, akazunguka mitaani mwaka mzima, akaonja hapa, akaonja pale, akarudi amenenepa na ripoti ya kurasa mia tatu. Kinachowakusanya, akasema, ni pilau.

Basi ikaundwa Idara ya Vyombo vya Kukusanyia.

Bi Siwatu wa mtaa wa Mkunguni hakuzisikia habari hizo, kwani alikuwa na yake. Binti yake wa mwisho, Raya, alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki inayofuata, na nyumba ilikwishajaa. Si kwamba siku nyingine haikuwa imejaa. Nyumba ya Bi Siwatu ilikuwa ile ambayo ukipita kuuliza njia unakaa mpaka alasiri, unaondoka unajua nani kaachika na nani karudiwa. Yeye ndiye alikuwa mpishi wa shughuli zote za mtaa. Kwa miaka kumi na tisa hapakuwa na mtu aliyeoa, aliyepata mtoto wala aliyezikwa Mkunguni bila ya sufuria lake kukaa juu ya mafiga. Lilikuwa sufuria la kuingia kilo hamsini za mchele na nyama yake, na watu walilipa jina, wakaliita Waite. Lilikuwa kazi yake, tena ndilo lililomsomesha Raya.

Jumanne asubuhi likasimama gari uani. Wakashuka maofisa wanne, mmoja amevaa glavu nyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, chai ipo."

Wakanywa chai. Wakala na vitumbua. Yule wa glavu akajifuta mdomo taratibu, akasema, "Mama, tunaomba kulipima sufuria lako."

"Mlipime mna harusi?"

"Tuna sheria."

Mwenzake akavua viatu, akaingia ndani ya sufuria, akasimama wima kama sanamu ya mkombozi wa taifa. Likamfika kifuani.

"Kifuani," akaandika wa glavu. "Daraja la kwanza la hatari. Jina?"

"Siwatu binti Hamadi."

"Si lako, mama. La sufuria."

Mashavu, jirani na shoga yake Bi Siwatu, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kupitwa na jambo, akarukia: "Linaitwa Waite!"

Maofisa wakatazamana.

"Waite nani?"

"Watu," akasema Mashavu. "Sasa angeita ng'ombe?"

Wa glavu akaandika kwa muda mrefu. Kisha wanne wakalibeba Waite, wakalipandisha garini kwa heshima zote, wakashukuru kwa vitumbua. Bi Siwatu akabaki ameshika mwiko wa urefu wa kasia, hajui aupeleke wapi.

*

Serikali ya nchi ile haikuwa serikali mbaya. Siku mbili tu baadaye ilimwita Bi Siwatu mbele ya Tume ya Kupitia Ushikaji, na Tume ikachukua robo saa kugundua kwamba sufuria lilishikwa kimakosa. Lilikuwa tupu. Kifungu kinasema chombo kiwe "kinakusanya", na sufuria tupu halijawahi kumkusanya mtu, linamfukuza.

Mwenyekiti wa Tume akasimama, akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Ndugu mwananchi," akasema, "ziko serikali duniani zinazoogopa kukosea. Hii si mojawapo. Sisi tumekosea mara nyingi, tumekosea mchana kweupe, na tutaendelea kukosea bila woga, kwa sababu tunakiri. Sufuria lako tulilichukua bila haki. Nakiri! Naomba makofi."

Makofi yakapigwa. Bi Siwatu akakabidhiwa Hati ya Kukiri Kosa, yenye muhuri mwekundu na utepe wa hariri. Akapigwa picha nayo.

"Ahsanteni sana," akasema. "Basi ngoja niite mkokoteni nilichukue."

Ukumbi mzima ukamgeukia kama mtu aliyetaja jeneza ukumbini mwa harusi.

"Ulichukue nini, mama?"

"Sufuria langu."

Mwenyekiti akashuka mpaka alipo, akamwekea mkono begani, akasema kwa upole wa daktari mwenye habari mbaya: "Mama yangu, kushika ni tendo. Kurudisha ni mchakato."

*

Mchakato ulikaa Bohari Kuu, nyuma ya reli, na mwenyewe aliitwa Bwana Mkumbukwa, Mtunza Bohari Mkuu, mtu mwembamba, mwenye kalamu tano mfukoni na sauti ya kubembeleza. Bi Siwatu alikwenda na Mashavu Ijumaa asubuhi. Ilikuwa imebaki wiki moja na siku moja.

Ndani ya bohari mlikuwa na nchi nzima. Mlikuwa na vitanda vya kamba, baiskeli, ngoma za taarabu, milango na fremu zake, kiti cha kinyozi cha kuzunguka, na mbuzi mmoja aliyeshikwa akiwa na mimba, sasa ana wajukuu, kila mmoja na jalada lake. Kwenye benchi walikaa wenye mali. Mzee mmoja alikuja kufuata mlango wa nyumba yake. Kwa miezi minane, akasema, watu wake wanalala kwa zamu ili mmoja awe mlango.

Bwana Mkumbukwa akaisoma Hati ya Kukiri Kosa, akaibusu.

"Hati nzuri sana. Nimeziona nyingi, lakini utepe huu! Sasa, mama, kinachotakiwa ni dhamana."

"Dhamana ya nini, baba?"

"Wewe unadai kitu. Serikali inakubali ni chako. Lakini je, kama tumekosea kukubali? Lazima serikali ikingwe. Kwa hiyo unaleta dhamana, mara mbili ya kilichoshikwa. Kwa sufuria moja, masufuria mawili, saizi hiyohiyo."

Bi Siwatu akamtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anachonga penseli.

"Baba, ningekuwa na mawili ya saizi hiyo, hili ningelifuata la nini?"

"Swali zuri sana," akasema Bwana Mkumbukwa kwa dhati. "Kwa bahati mbaya halimo kwenye fomu."

Njiani Bi Siwatu hakusema neno, jambo ambalo Mashavu hakuwahi kuliona tangu wajuane.

"Shoga, usininyamazie, utanipasua. Langu chukua."

"Na la pili?"

"La chama."

"Mashavu! Sufuria la chama cha kuzikana? Likikwama kule wenzetu watanizika mkavu, bila hata maji ya moto."

"Wewe kwanza umekufa? Raya aolewe, kufa tutapanga."

Ndivyo ilivyokuwa Mkunguni. Chombo cha mmoja kilikuwa cha wote. Kilitoka nyumba hii kikaingia ile, na hakuna aliyeuliza kitarudi lini, kwa sababu kilirudi. Jumatatu masufuria mawili makubwa yakavuka reli juu ya mkokoteni, wanawake saba wakiyasukuma kwa vigelegele, mmoja akiimba kumsema mtu fulani ambaye mume wake tunamjua wote. Bwana Mkumbukwa akayapokea kwa risiti.

"Sasa nipe langu," akasema Bi Siwatu.

"Sasa," akasema Bwana Mkumbukwa, "tunaingia kwenye utambuzi."

*

Utambuzi, maana yake, ni kuthibitisha kwamba sufuria lile ndilo lile.

"Si lile pale!" Bi Siwatu akaonyesha kwa kidole. Lilikuwa hatua sita kutoka mezani, limefungwa kikaratasi kwenye mkono. "Nalijua kama mwanangu. Lina bonde ubavuni hapa, aliliangusha marehemu mume wangu siku ya aqiqa ya Raya, alipochinjiwa mbuzi wa kuzaliwa."

"Mama, wewe ni mdai. Mdai hawezi kutambua, ana maslahi. Tunahitaji mashahidi wasio na maslahi, wanaolijua sufuria kwa uzoefu wao wenyewe."

"Mtaa mzima unalijua."

"Wanalijuaje?"

"Wamelila! Yaani, wamekula humo."

"Kula si kutambua," akasema Bwana Mkumbukwa, akafikiri, akafungua kitabu kinene, akalamba kidole, akafunua. Uso ukamng'aa. "Hapana, nisamehe. Kifungu cha kumi na nne. Utambuzi kwa Vitendo. Shahidi arudie, mbele ya ofisa, kile kitendo kilichomfanya akijue kitu hicho. Kile kiti cha kinyozi kilitambuliwa hivyo. Watu thelathini walinyolewa hapahapa, na mimi mmojawapo."

"Mwenyewe akapewa kiti chake?"

"Bado. Nywele zilikuwa zimeota wakati hukumu inaandikwa. Ilibidi wanyolewe tena."

Bi Siwatu akaegemea meza. Kichwa kilikuwa kinampiga nyundo. Siku tano zimebaki, wageni wa upande wa bwana harusi wako njiani wanatoka bara, na yeye anasikiliza habari za nywele. Lakini Mashavu alikuwa amesimama wima kama kuku aliyesikia mtama.

"Bwana Mkumbukwa," akasema kwa sauti laini ambayo Bi Siwatu aliijua na kuiogopa, "mashahidi wanatakiwa wangapi?"

"Wasipungue watatu."

"Wasizidi?"

Bwana Mkumbukwa akaitazama fomu mbele na nyuma. "Kikomo hakikuandikwa. Nafasi zikijaa mnaongeza karatasi."

"Na utambuzi mnafanya siku gani?"

"Siku atakayopanga mdai."

"Jumamosi," akasema Mashavu. "Kuanzia saa nne asubuhi. Si ndiyo, shoga?"

Bi Siwatu, kwa uaminifu wake, akauliza, "Lakini watu wakiwa wengi, huo si mkusanyiko?" Mashavu akamfinya mpaka akaruka.

"Hata kidogo," akasema Bwana Mkumbukwa, akatabasamu. "Mkusanyiko ni watu waliojikusanya. Mashahidi wanaitwa na serikali."

*

Kadi za harusi zikafutwa, zikapelekwa hati za wito. *Unatakiwa kufika Bohari Kuu bila kukosa, ukiwa na njaa.* Watu mia tatu na arobaini wakaitwa, wakaja mia nne na kumi, maana mtu akiitwa ushahidi haendi peke yake. Kadhi alikuwa shahidi namba moja. Raya akakalishwa kwenye kile kiti cha kinyozi, wakamtandikia khanga, kikawa kinazunguka taratibu kila mtu amwone kutoka kila upande. Ngoma zilizoshikwa zikapigwa ili nazo zitambuliwe. Mzee wa mlango akaja, akala, akaomba aandikwe shahidi wa kudumu.

Na Waite likakaa juu ya mafiga uani mwa bohari, kikaratasi kikining'inia mkononi, likatoa mvuke. Yale mawili ya dhamana hayakuguswa. Dhamana, Bwana Mkumbukwa alisema, haipikiwi. Bi Siwatu alisimama na mwiko wake, jasho likimtoka, iliki na bizari zimemwingia mpaka kwenye nyusi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile akajisikia yuko kwake.

Kila shahidi alifika mezani, akapewa sahani, akala, akaulizwa.

"Unalitambua?"

"Sijaridhika bado. Niongeze kidogo."

Wengine walitambua mara tatu. Maofisa nao walikula, ili kuhakikisha mashahidi hawasemi uongo, na yule wa glavu nyeupe alivua glavu. Bwana Mkumbukwa alikula kwa macho yaliyofumbwa. Alipomaliza akasema hajapata kuona ushahidi mzito namna ile, akafungua kitufe kimoja cha suruali.

Alasiri, Bi Siwatu akatoka kumsindikiza mwanawe mpaka barabarani. Akamlilia, akamshikashika kichwa, akamwambia maneno ambayo mama huyasema, Raya akaondoka. Waliobaki nyuma uani walikuwa akina mama wa upande wa bwana harusi, wakiongozwa na mama yake, Bi Nyamizi.

Hapa lazima ujue jambo moja la watu hawa. Ukila shughuli ya watu, vyombo unaosha. Na ukiwa upande wa mwanamume, unaosha mpaka usikie mgongo, kwa sababu wa upande wa pili wamekaa pembeni wanatazama kama mwana wao anakwenda kwa watu wavivu. Bi Nyamizi alikuwa ameapa tangu bara kwamba hakuna wa Mkunguni atakayepata la kusema. Walichukua mchanga, majivu na makumbi ya nazi. Wakalishukia Waite ndani na nje, na kikaratasi kikaenda na maji. Masizi ya miaka kumi na tisa, safu juu ya safu, wakayabandua kama gome. Bi Siwatu aliporudi alikuta katikati ya uwanja kuna kitu kinang'aa mpaka kinaumiza macho.

"Mkwe wangu," akasema Bi Nyamizi, mikono imemchubuka, anahema, "tumejitahidi."

Nani angemjibu vibaya? Bi Siwatu akamkumbatia.

*

Jumatatu Bwana Mkumbukwa akafungua kitabu cha bohari, tayari kutia sahihi ya mwisho. Kalamu ikasimama hewani.

"Sufuria moja," akasoma. "Kubwa. *Jeusi.*"

Akaliangalia sufuria. Akakiangalia kitabu. Akalizunguka.

"Mama, hili ni jeupe."

"Limeoshwa, baba."

"Sikatai. Lakini mimi nina jeusi. Liko wapi jeusi?"

"Ndilo hilo. Chini ya ule weusi lilikuwa hivi."

"Mama, mimi situnzi vya chini. Natunza vilivyoandikwa." Alikuwa mtu mwaminifu, na katika miaka ishirini na sita hakuwahi kupoteza hata kamba. "Sufuria lako limepotea. Limepotea mikononi mwangu."

"Halijapotea! Bonde si hili hapa?"

"Bonde halikuandikwa."

Mashavu akavuta pumzi. "Basi hili jeupe ni la nani?"

"Silijui. Halina jalada."

"Likae au litoke?"

"Kitu kisicho na jalada hakiruhusiwi kulala bohari. Nitawaomba mliondoe."

Wakaliondoa. Wakalisukuma juu ya mkokoteni huku wanacheka mpaka wanalia, wakavuka reli, na Bi Siwatu akaliweka uani pake. Jioni ile nyumba ilijaa mpaka watu wakakaa dirishani, na Mashavu alisimulia mara sita, kila mara Bwana Mkumbukwa anazidi kuwa mwembamba.

Hawakuijua serikali yao.

Bwana Mkumbukwa hakulala. Alikuwa na Hati ya Kukiri Kosa mkononi, na mwananchi aliyedhulumiwa, na sufuria jeusi lisiloonekana. Akaandika taarifa huku machozi yanadondoka. Taarifa ikapanda. Ilipofika juu kabisa, kiongozi wa nchi, Mlezi wa Watu, alihutubia redioni.

"Mama mmoja mnyonge," akasema, "amepotelewa na sufuria lake mikononi mwa serikali yangu. Sitakula, sitapumzika, mpaka sufuria jeusi la mama yule lipatikane. Litafutwe kila nyumba!"

Wakaanza Mkunguni, kwa kuwa ndiko linakojulikana. Kila sufuria kubwa lenye masizi likachukuliwa likalinganishwe. La muuza supu likachukuliwa, na la msikiti, na lile la Mwanaisha ambalo alichemshia nguo za watu. Kwa siku mbili yakachukuliwa masufuria arobaini na moja. La Bi Siwatu lilipitwa, maofisa wakaliangalia tu na kujiona ndani yake. "Pole sana, mama," wakamwambia. "Tunahangaika kwa ajili yako."

Majirani waliyasikia maneno hayo. *Kwa ajili yako.*

Jumatano hakuja mtu. Alhamisi alikuja mmoja, kurudisha kijiko. Bi Siwatu akatia chai birika kubwa kama kawaida, ikapoa, akaimwaga. Wapita njia waliokuwa wakimwita kutoka barabarani sasa walikuwa na haraka. Kwa muuza supu moto ulizimwa. Na kisha, mtaa wa nyuma, akafa mtu, na watu wa chama wakapika chai ya msiba kwa vibirika vidogo vidogo, kwa zamu, wafiwa wamekaa wanangoja. Bi Siwatu alikwenda na sufuria lake jeupe juu ya mkokoteni, akilisukuma peke yake. Mwenye msiba akalitazama, akasema kwa adabu, "Ahsante, Bi Siwatu. Tumeshamaliza."

Hawakuwa wamemaliza. Maji yalikuwa hayajachemka hata.

Akaenda kwa Mashavu.

"Twende tukawaambie limeonekana. Tuwaambie ndilo hili."

"Tukiwaambia hili jeupe ndilo, hawakubali," akasema Mashavu, mgongo ameupa mlango. "Na la kwangu liko kule, shoga. Na la chama. Dhamana haitoki mpaka jeusi lipatikane. Mimi sikulaumu. Ila leo nina kazi."

Mashavu kusema ana kazi!

*

Ijumaa alfajiri Bi Siwatu akalitua Waite juu ya mafiga. Akalijaza maji matupu. Akatia kuni mbichi za mkorosho, zile ambazo mpishi hazigusi kwa moshi wake, akawasha. Moshi ukapanda mzito, ukaramba ubavu. Akakaa kwenye kigoda, akawa anasogeza kuni kila upande upate haki yake. Maji yakikauka anaongeza. Hakukuwa na iliki, hakukuwa na vitunguu, na hakuna aliyekuja kuuliza kunapikwa nini.

Saa tano Mashavu akaingia na mzigo wa kuni mbichi. Hakuamkia. Akautua, akakaa. Baadaye wakaja wengine, mmoja mmoja, kila mwenye kuni na kuni zake, wakazunguka moto. Nyumba ikajaa tena, ila safari hii mdomo wa kila mtu ulikuwa kazini kupuliza.

"Hapa bado paonekana weupe," akasema Mwanaisha kwa sauti ya chini.

"Ongeza huku," akajibu Bi Siwatu.

Kutwa, na Jumamosi kutwa, na Jumapili. Jumatatu akalipeleka.

Bwana Mkumbukwa alipoliona mlangoni aliinuka, kiti kikaanguka.

"Ndilo! Ndilo lenyewe!" Akalikumbatia, shati jeupe likaharibika, wala hakujali. "Mama, serikali yako imelipata!"

Akaandika kitabuni: *Limepatikana, kwa juhudi za Idara.* Saa hiyohiyo amri ikatoka, masufuria arobaini na moja yakaachiwa, na mawili ya dhamana, kwa kuwa jambo limekwisha. Wanawake wa Mkunguni wakayabeba vichwani, yale makubwa juu ya mkokoteni, wakatoka wamejipanga mstari mrefu kuelekea reli. Mashavu alikuwa wa mwisho. Alifika mlangoni akageuka.

"Huji?"

"Nakuja. Tangulia."

Bi Siwatu akageukia meza. "Na hili, baba?"

"Hili lina hadhi mpya," akasema Bwana Mkumbukwa, akafunga kikaratasi kipya kwenye mkono wake. "Unajua, tulipokiri kosa, tulikiri kulishika. Kupotea hatukukosea, lilipotea lenyewe; na kulipata si kosa, ni mafanikio. Kwa hiyo ile hati yako imekwisha nguvu. Utaanza na ombi jipya. Halafu dhamana. Usijali, njia umekwisha kuijua."

Akamsogezea karatasi ndogo. *Mimi niliyetajwa hapo juu nimehudumiwa, nimeridhika, na kwa leo sina dai.*

"Bila hii," akaeleza kwa upole, "yale yaliyotoka itabidi yarudi."

Nje ya dirisha, mstari wa wanawake ulikuwa unavuka reli, na mtu alikuwa ameanza wimbo.

"Dole gumba tu, mama. Ila wino umekauka, nimeomba mwingine tangu mwaka juzi. Sijui tufanyeje."

Bi Siwatu akanyoosha mkono, akaupitisha ubavuni mwa sufuria, pale penye bonde, taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala. Kisha akaweka dole lake juu ya karatasi, akakandamiza.

Alama ikatoka nyeusi, kila mstari unaonekana. Bwana Mkumbukwa akaipuliza ikauke, akaiinua kwenye mwanga, akasema katika miaka yake yote hajapata mwananchi mwenye dole safi namna ile.